Githeri ama Mgeni

Mwalimu wetu wa Kihispania hakuvumilia neno "zamani". Mwanafunzi akilitamka, aliweka penseli mezani akasubiri, kama mtu anayengoja mbwa wa jirani amalize kubweka. Kisha akasema, "Sijakuuliza ni lini. Nimekuuliza kama iliisha."

Darasa lake lilidumu miaka minne katika chumba cha nyuma cha kanisa letu hapa Ngoingwa, na maneno hayo niliyasikia kwa miaka mitatu ya mwisho. Kwa nini hakuyasema mwaka wa kwanza, nitaeleza. Mimi sikuwa mwanafunzi wake. Nilikuwa mzee wa kanisa, na kamati ilinipa kazi ya kufungua chumba saa nane na kukifunga saa kumi. Katikati sikuwa na pa kwenda, nikawa naketi kiti cha nyuma na Biblia yangu. Namshukuru Mungu kwa kiti kile. Mtu huweza kufundishwa akidhani anapumzika.

Vijana waliokuja kwake walitaka kwenda Uhispania kutunza wazee. Binti yangu Wanjiru alikuwa katika darasa la kwanza kabisa.

Kihispania, alivyotueleza, kina njia mbili kuu za kusema jambo lililopita. Moja hulionyesha jambo likiwa bado linaendelea, bila kujali lilianza wapi wala litaishia wapi. Nyingine hulionyesha likiwa limetendeka na kwisha. Vitabu vina majina marefu ya njia hizo. Yeye aliziita githeri, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, na mgeni.

"Githeri iko jikoni inachemka," alisema. "Hakuna anayeuliza imewekwa saa ngapi. Inachemka tu. Mgeni naye anabisha: ko! Amebisha, imeisha. Nilikuwa nachemsha githeri, mgeni akabisha. Sasa wewe hapo, hiyo sentensi yako: githeri ama mgeni?"

Ninaandika habari zake kwa sababu ya Alhamisi moja mwaka huu, siku ambayo maisha ya Wanjiru yalining'inia kwenye herufi moja.

Wanjiru alikuwa amekaa Uhispania mwaka mmoja na miezi, akimtunza bibi wa miaka themanini na kitu. Bibi alikuwa mzito wa kusikia, na wawili hao walielewana zaidi kwa mikono kuliko kwa maneno. Jumatatu ya wiki hiyo bibi alianguka akavunjika nyonga. Wanjiru alimkuta sakafuni aliporudi kutoka dukani. Mwana wa yule bibi akataka maelezo kwa maandishi, yenye sahihi, kabla ya saa nane mchana ya kwetu siku ya Alhamisi. Kama ingeonekana kwamba Wanjiru alimwacha mgonjwa chini akaenda zake, mwana huyo angeyapeleka maelezo hayo polisi. Asubuhi ile Wanjiru alinitumia picha ya karatasi kabla ya kuitia sahihi. "Niombee, Baba," aliandika.

Niliisoma kwa Kihispania changu cha kiti cha nyuma. Mstari wa tatu ulinisimamisha. Alitaka kusema kwamba bibi alipoanguka, yeye alikuwa anatoka. Neno lake ni salía. Yeye alikuwa ameandika salí. Imepungua a moja mwishoni, na maana imegeuka: bibi alipoanguka, mimi nikatoka. Yaani alimwona chini, akafungua mlango, akaenda.

Nikampigia. "Usitie sahihi kwanza. Mstari wa tatu, ongeza a."

"Hapana, Baba. Hiyo ndefu ni ya kitambo. Hii ni ya Jumatatu."

"Nakwambia ongeza."

"Ya juzi fupi, ya kitambo ndefu. Si ni Mwalimu mwenyewe alitufundisha? Baba, wewe ulikuwa unasoma Biblia huko nyuma."

Na kweli alikuwa amefundishwa hivyo, katika chumba nilichokifungua kwa mkono wangu.

Sisi Wakikuyu lugha yetu hupanga yaliyopita kwa umbali. Kitenzi chenyewe kinajua kama jambo ni la leo asubuhi, la jana, au la miaka mingi. Kwa hiyo vijana wetu waliposikia kwamba Kihispania kina njia mbili, walidhani moja ni ya karibu na nyingine ni ya mbali. Hata wale waliokuja mjini kutoka magharibi kufanya kazi viwandani, ambao lugha zao nazo hupima umbali, walidhani vivyo hivyo. Katika mwaka ule wa kwanza, mtihani ukiwa umekaribia na Mwalimu amechoka, msichana mmoja wa Kamenu aliinua mkono. "Ticha, si hii fupi ni ya juzi, na hii ndefu ni ya kitambo?" Darasa zima likapumua kwa furaha. Mwalimu akatazama ubao, akatazama saa, akasema, "Haya, shikeni hivyo kwanza." Alikusudia kurekebisha wiki iliyofuata. Wiki iliyofuata wakaufanya wimbo.

Githeri alianza kuipika mwaka wa pili, darasa lile likiwa limeshatawanyika. Nilikuwepo siku aliyoanza. Niliona kwamba yale ya kwanza yalikuwa makosa, na sikumwambia binti yangu, kwa kuwa sikuona umuhimu wake. Nilidhani sarufi ni jambo la mtihani.

Sasa nimweleze Mwalimu mwenyewe, maana mtu akimwona kwa siku moja tu angemkosea.

Alifunga mlango saa nane kamili. Aliyechelewa hata dakika mbili alibaki nje, kuomba hakukusaidia. Lakini nikiwa kwenye kiti changu niligundua kwamba siku akifungia watu nje, alifundisha amesimama karibu na dirisha, na dirisha limefunguliwa, na sauti yake imepanda. Aliuliza maswali akielekea nje. Siku moja jibu lilitoka uani, na yeye akasema "sawa" bila kugeuza kichwa.

Alisahihisha kwa penseli. Nilimpa kalamu nyekundu ya ofisi ya kanisa, akairudisha. "Kosa la mtu halifai wino," alisema. "Atalirekebisha kesho, na wewe umemwachia kovu." Na bado ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wino wowote. Alimwambia mvulana mmoja mbele ya wenzake kwamba sentensi zake ni kama nyumba za mtaa wa Theta siku hizi, zote zimeanza na hakuna iliyoezekwa. Yule kijana akacheka mpaka machozi. Nadhani yalikuwa machozi ya aina mbili.

Jambo moja tu hakulikaripia, nalo ni ulimi kuteleza kati ya r na l, ugonjwa wetu wa nyumbani. Katika Kihispania neno la "lakini" na neno la "nywele" hutofautiana hapo tu. Kijana mmoja, akifanya mazoezi ya kumchumbia msichana, alisema, "Ninakupenda, nywele sina pesa." Chumba kiliangua kicheko. Mwalimu alingoja kitulie, akasema kwa upole ambao hatukuuzoea, "Mimi nilisema hivyo miaka sita jikoni kwa masista Wahispania. Sista mkuu alikuwa ananiletea kitana." Hilo ndilo jambo pekee alilowahi kutuambia kuhusu mahali alipojifunzia.

Mimi na yeye tuligombana kwa sababu ya ushuhuda. Alifundisha ndani ya kanisa lakini hakuabudu nasi, na jambo hilo liliniuma. Siku moja nikifunga chumba nilimwalika ibada ya Jumapili.

"Nilishakuja," alisema. "Nikasikia watu wakishuhudia. Nilikuwa mlevi. Nilikuwa nikidanganya. Nilikuwa nikiwaonea watu. Githeri tupu, Baba Wanjiru! Hakuna hata mmoja aliyesema, 'Jumanne niliiba kuku wa mama fulani.' Huyo ningeshinda naye kanisani mpaka jioni."

"Mungu anajua ya Jumanne."

"Mama wa kuku je?"

Nilikasirika. Nilimjibu kwa habari ya mwana mpotevu. Nikamwambia kwamba baba yake alikuwa akiitazama njia siku zote, na kutazama kule hakukuwa na siku wala saa, kulikuwa ni upendo unaochemka polepole. Alisimama mlangoni akifikiri. "Sawa," alisema, "hiyo ni githeri nzuri. Lakini mwana aliinuka siku moja. Asingeinuka, baba angekuwa anatazama mpaka leo." Nilifika nyumbani nikiwa bado natafuta jibu. Sijalipata, na siku hizi nashukuru kwamba sikulipata.

Mwaka jana kamati ilikaa kuzungumzia chumba. Mmoja akasema haifai mtu asiyeshiriki nasi kutumia nyumba ya Bwana. Wengine wakaitikia. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwa na dirisha lile lililofunguliwa na penseli ile. Nikatazama meza. Darasa likafungwa, na yeye, miguu ikiwa imeanza kuvimba, akahamia kwa mpwa wake mjini Ruiru. Sikwenda kumwona.

Ndiyo maana Alhamisi ile nilikaa kidogo kitandani nikiwa nimeshavaa viatu. Nilimwomba Wanjiru asitie sahihi mpaka nimpigie tena. Namba ya Mwalimu haikupatikana. Nilinakili maelezo ya Wanjiru kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kwa kuwa nilisikia macho yake yamepungua, nikaondoka.

Nilifika saa saba na robo. Mpwa wake alinifungulia. Mwalimu alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, jengo jipya likigongwa nyundo ng'ambo ya ukuta.

"Baba Wanjiru," alisema. "Una shida gani?"

"Umejuaje nina shida?"

"Wazee wa kanisa hawaji Ruiru kunijulia hali."

Nilimpa karatasi nikamweleza yote, bibi, nyonga, polisi, saa nane. Aliisogeza karibu na uso. Alipofika mstari wa tatu akasimama.

"Nani alimfundisha huyu mtoto?"

"Wewe."

Nyundo iligonga, ikagonga. Alishusha karatasi magotini. "Darasa la kwanza," alisema.

"La kwanza."

Nilidhani atachukua penseli aongeze a, nami nimpigie Wanjiru, yaishe. Penseli ilikuwa pale mezani. Hakuigusa. "Alitoka," aliuliza, "ama alikuwa anatoka?"

"Alikuwa anatoka."

"Ulikuwepo?"

"Mwalimu, saa zinakwenda. Weka tu hiyo a."

"Na kama si kweli?"

"Ni binti yangu. Namjua."

"Basi mpigie akuambie unachokijua."

Nakiri kwamba sikutaka kupiga. Nimemtumikia Mungu miaka mingi, nimefundisha watoto amri zake, na bado saa ile nilitaka ile herufi bila ukweli wake. Niliogopa kuuliza kwa sababu Wanjiru hakuwahi kunieleza Jumatatu ile kwa ukamilifu. Alikuwa akisema tu, "Nilikuwa naenda duka." Nikapiga, nikaweka sauti nje, nikamwambia niko na Mwalimu.

"Haiya! Mwalimu? Habari ya siku nyingi?"

"Za siku nyingi tutaongea baadaye. Bibi alipoanguka, wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Nilikuwa natoka. Nimeshika kitasa."

"Ulimwona?"

"Sikumwona, haki ya Mungu."

"Ulimsikia?"

Nilitazama simu kama kwamba ningeweza kuuona uso wake ndani yake.

"Wanjiru."

"Nilisikia kishindo," alisema, sauti imekuwa ndogo. "Nilidhani ni mlango wa jirani. Hao huwa wanaugongesha kila saa."

"Halafu?"

"Halafu nikatoka." Akaanza kulia. "Baba, usinikasirikie. Nilidhani ni mlango."

Nikaelewa jambo lililonitia baridi. Ile salí, kosa lile la darasa la kwanza, ilikuwa imekaribia ukweli kuliko a niliyokimbilia Ruiru kuiongeza. Kama angeandika salía peke yake na kunyamaza, sentensi ingekuwa sahihi na ingekuwa imeficha.

"Chukua karatasi mpya," Mwalimu alisema. "Andika vyote viwili."

"Mwalimu, aki, nikiandika hicho kishindo si nimejimaliza? Hakuna mtu anakijua."

"Bibi alikaa sakafuni muda gani?"

"Dakika arobaini. Hivi."

"Akiwa na fahamu?"

"Ndiyo. Hospitali alisema aliniita."

"Basi mnakijua wawili."

Wanjiru akauliza, "Baba, wewe unasemaje?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika arobaini. Niliomba, na sikusikia sauti yoyote ila nyundo. Niliwaza polisi. Niliwaza binti yangu akirudishwa nyumbani na jina baya, au asirudishwe. Niliwaza bibi yule, mtu wa umri ninaouelekea, akiita mtu aliyeshuka ngazi.

"Andika, maitũ," nikasema. Humwita hivyo, "mama", maana amebeba jina la mama yangu. "Andika vyote."

Mwalimu akamwimlia neno kwa neno, polepole, akimfanya arudie kila mwisho wa kitenzi. Kwa Kiswahili ni hivi: Bibi alipoanguka, mimi nilikuwa natoka. Nilisikia kishindo nikadhani ni mlango wa jirani. Nilitoka. Neno salí halikufutwa. Lilihamishwa likawekwa mahali pake, peke yake, mwisho wa mstari.

"Hiyo ya mwisho ni lazima?" Wanjiru aliuliza.

"Hiyo ndiyo itakayofanya waamini ile ya kwanza. Tia sahihi."

Simu ikakatika. Saa nane ikapita. Mpwa wake akaleta chai, ikapoa. Mwalimu hakuwa mtu wa kukufariji kwa maneno ya bure, naye hakujaribu. Ilipofika saa nane na nusu akaniuliza, bila kunitazama, "Siku ile ya kamati. Ulinyamaza, ama ulikuwa unanyamaza?"

Ningeweza kusema nilikuwa na hofu, nilikuwa nimechoka, kamati ilikuwa na watu wagumu. Yote yalikuwa kweli.

"Nilinyamaza," nikasema. "Walipouliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa nalo, na nikanyamaza. Nisamehe."

Alitikisa kichwa taratibu mara kadhaa. "Kunywa chai," akasema.

Ujumbe wa Wanjiru uliingia saa tisa kasoro. Mwana wa bibi amesoma. Amemuuliza mara mbili kuhusu kishindo, kisha akaenda kuongea na mamake. Amerudi akasema kwamba haendi polisi. Amesema pia kwamba Wanjiru asirudi tena nyumbani kwao, aje kesho kuchukua nguo zake, atamkuta yeye mlangoni. "Nimepoteza kazi, Baba," aliandika, "lakini nimelala kidogo hapa kwenye kiti cha hospitali. Sijalala tangu Jumatatu."

Nilimsomea Mwalimu. Nilifumba macho nikamshukuru Mungu kwa sauti, kwa maneno machache, na nilipofumbua nikakuta yeye hakuwa amefumba. Alikuwa amechukua penseli na ile karatasi yangu, ameigeuza upande mtupu.

"Darasa lile walikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Waliovuka?"

"Saba, pamoja na Wanjiru."

"Wako huko wanatunza wazee wa watu," alisema, "na siku yoyote mtu atawaambia waandike kilichotokea." Aliandika namba moja hadi sita upande wa kushoto. "Nilifundisha vibaya, Baba Wanjiru. Una namba zao?"

Nilikuwa nazo, kwa kuwa nilikuwa nikiwapigia walipochelewa kulipa mchango wa viti. Nilimsomea majina, akayaandika. Akanyoosha mkono apewe simu. Wa kwanza alikuwa kijana anayefanya kazi Valencia. Iliita muda mrefu. Mwalimu alishusha mguu mmoja kutoka kwenye stuli, kisha wa pili, akakaa wima kama alivyokuwa akikaa kabla ya kufunga mlango.

"Haloo? Ni Mwalimu," alisema. "Hapana, sijafa. Chukua kalamu."